Utando, Mpako na Tabaka: Historia Fupi ya Titani Mwilini

Mfasiri anayekabidhiwa waraka wa tiba ya mifupa hukutana mapema na maneno matatu: utando, mpako na tabaka. Kuyachanganya ni kumpotosha mgonjwa anayetakiwa kuridhia upasuaji. Historia ya jambo lenyewe yaweza kutuongoza.

Titani iligunduliwa na William Gregor huko Cornwall, Uingereza, mwaka 1791. Martin Heinrich Klaproth akaipa jina mwaka 1795, kutokana na Watitani wa visasili vya Kiyunani. Katika miaka ya 1950 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, aliona kwamba kifaa cha titani alichokitia katika mfupa wa sungura kimeshikamana nao hata haking'oki. Mwaka 1965 alianza kuwapandikizia watu mizizi ya meno ya titani. Metali hiyo ikaenea pia katika tiba ya mifupa.

Lakini uso unaokaribisha seli za mfupa hukaribisha pia bakteria. Mwaka 1987 Anthony Gristina aliieleza hali hiyo kuwa ni mashindano ya kuuwania uso wa kipandikizi. Bakteria wakitangulia, hujijengea utando wa ute ambao antibiotiki haziupenyi kwa urahisi. Mara nyingi hapana budi kipandikizi kiondolewe.

Kinga zilizotafutwa ni za namna mbili. Ya kwanza ni kupaka juu ya titani kitu kiuacho bakteria, kama vile fedha. Ya pili ni kuubadili uso wenyewe. Titani ikitiwa katika maji yenye floridi na kupitishiwa umeme, huota oksidi yenye vineli ambavyo upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Vineli hivyo vyaweza kujazwa dawa. Tena, mwaka 2012 watafiti nchini Australia walionyesha kwamba ncha ndogo mno za bawa la nyenje huwaua bakteria wa aina fulani kwa kuwapasua, pasipo dawa yoyote. Tangu hapo titani yenye ncha za namna hiyo imetengenezwa katika maabara.

Kwa hiyo twapendekeza utando uachiwe bakteria; mpako uwe ni kile kilichopakwa; na tabaka liwe ni lile lililoota katika metali yenyewe. Uso unaoua kwa umbo lake usiitwe "wenye dawa": mgonjwa anayedhurika na antibiotiki ana haki ya kuijua tofauti hiyo kabla ya kutia sahihi.