Neema Inataka Kitenzi

Swali liliandikwa kwa kalamu ya buluu katika daftari la mafundisho: je, Mkatoliki aliyebatizwa anaweza kuishi bila kutenda dhambi? Mwenye daftari ni dada anayeuza mananasi ya Kiwangwa hapa njiapanda ya Msata, pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile itokayo Chalinze kwenda Segera. Katekista alilisoma mara mbili, akajibu kwa neno moja: "Akijaliwa." Kisha akafungua ukurasa wa somo la siku. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikimsubiri, na tangu siku ile neno hilo halijaniachia.

Swali la dada limebeba kitenzi "kuweza". Kuweza ni kuwa na nguvu ya jambo. Ni kitenzi cha mbeba mizigo, gunia hili unaliweza? Mmonaki Pelagio, aliyefundisha Roma mwanzoni mwa karne ya 5, angelipenda swali hilo, maana yeye alishikilia kwamba mtu akiamua kwa hiari yake anaweza kukaa bila dhambi. Agostino wa Hippo alimpinga, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukaukataa uwezo huo wa kujitegemea.

Sasa, mlinzi mwenzangu wa lugha, sikiliza pwani inavyolitumia neno hilohilo. Mzee wa Bagamoyo akikuambia "Mwanaidi hawezi" akanyamaza, humuulizi hawezi nini. Unauliza anaumwa nini. Kutoweza ni kuugua! Agostino alitumia kurasa nyingi kueleza kwamba asili ya binadamu imejeruhiwa na inahitaji tabibu, na kwetu jambo hilo limo ndani ya neno moja la salamu za asubuhi. Vijana wa leo hulisikia kwa nadra. Ningefurahi likirejea katika mafundisho: mtu peke yake hawezi, na maana zote mbili zisikike kwa pamoja.

"Kujalia" limetoka kwa Waarabu, ambao kwao ni kufanya au kuweka. Kiswahili kimelichukua na kumwachia Mungu karibu peke yake. Tunasema Mungu amemjalia mtoto. Hatusemi jirani amenijalia kilo ya sukari. Lakini linalonivuta zaidi ni umbo lake la kutendwa. Aliyejaliwa sauti huimba mwenyewe, kwa koo lake, na jasho la mazoezi ni lake. Aliyejaliwa nguvu hushika jembe mwenyewe. Mtenda wa kwanza yuko nje ya mtu, na bado tendo linabaki la mtu kikamilifu. Wanateolojia wamehangaika kwa karne nyingi kueleza jinsi neema na hiari zinavyofanya kazi moja bila kugawana nusu kwa nusu. Sarufi yetu inalifanya kila siku sokoni.

Neno hili lina hatari zake, na mpenda maneno asizifiche. "Nitakuja Mungu akijalia" wakati mwingine ni hapana yenye adabu. Tena nomino yake, majaliwa, imeteleza hadi ikawa jina la yale yaliyokwisha kupangwa, ambayo mtu huyapokea akiwa amekunja mikono. Ndiyo maana nalitetea likiwa kitenzi na nalihofia likiwa nomino.

Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 6, Januari 1547, ulisema mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Aliye katika neema asidai kwamba amri za Mungu hazishikiki, zinashikika. Hata hivyo hakuna anayeziepa dhambi zote, hata zile nyepesi, maisha yake yote, asipopewa jambo la pekee na Mungu, kama Kanisa linavyosadiki juu ya Bikira Maria. Jambo hilo la pekee mara nyingi tunaliita "upendeleo".

Hapo nasimama kidogo. Upendeleo ulizaliwa kwenye kupenda, ukapitia kupendelea, na ulikuwa neno zuri. Leo ni neno la malalamiko: ajira za upendeleo, zabuni za upendeleo, mwalimu mwenye upendeleo. Kijana wa Msata akisikia kwamba Maria alipata upendeleo wa pekee, picha inayomjia ni ya mtu aliyepitishwa mlango wa nyuma. Tuseme "alijaliwa kwa namna ya pekee". Neno halijachafuka, nalo linamweka Mama na sisi katika kitenzi kimoja: yeye alijaliwa kwa namna yake, nasi tunajaliwa kwa yetu.

Turudi kwa "neema" yenyewe. Huko Uarabuni ni riziki, starehe, mema anayopewa mja. Pwani imelihifadhi vivyo hivyo: mwaka wa neema ni mwaka ambao mahindi yamejaa ghala, na nchi iliyoneemeka haina njaa. Wamisionari walilitwika mzigo wa neno la Kilatini lenye maana ya fadhili isiyodaiwa, kitu kitolewacho bure. Neema ya Kiswahili ina wingi mwingi lakini haina ubure ndani yake. Mkulima anaweza kabisa kuona neema ya shamba lake kuwa ujira wa jasho lake. Nalo neno "bure" halisaidii, maana mtu bure ni mtu asiye na thamani. Katika maelezo ningeliazima "hisani", wema usioandikwa kwenye daftari la madeni. Neema ibaki jina lake. Hisani iwe ufafanuzi wake. Fadhila ingeweza kufanya kazi hiyo, ila Kanisa limekwisha kuipa kazi nyingine: imani, matumaini na mapendo.

Vitabu vya mafundisho huigawa neema mara mbili: neema ya utakaso na neema ya msaada. Utakaso ni neno la wafuaji. Nguo hutakata, uso hutakata, na kwa kitenzi hicho tukapata utakatifu. Silibadilishi hata herufi.

"Msaada" ndio unaonisumbua. Katika masikio ya leo msaada huja na gari lenye nembo, na huja kwa aliyekwama tu. Neema inayosemwa hapa ni ile ya dakika moja: ulimi umekwisha kuinuka kumtukana mteja, na kitu kinakushika. Wazee husema "Mungu alinigusa". Napendekeza "neema ya mguso". Utakaso unakaa ndani ya mtu. Mguso unapita, na ukipita lazima mtu auitikie, kama kibwagizo kinavyomwitikia anayeongoza wimbo.

Kisha lipo jina la adui. "Dhambi" ni neno zito, la Kiarabu pia, nalo kwetu halikuzaa kitenzi. Ni lazima tuazime kutenda au kufanya, kana kwamba dhambi ni kitu kinachofinyangwa kando ya mtu. Sala zetu zilichagua njia nyingine. Tunapojipiga kifua mwanzo wa Misa, kitenzi ni "kukosa". Katika rozari tunajiita "wakosefu". Aliyefanya uchaguzi huo alikuwa na sikio.

Kwa maana kukosa kuna familia nzima. Mwindaji hukosa shabaha. Na Kigiriki cha Agano Jipya nacho kilichukua neno lake la dhambi kwenye kukosa shabaha. Maskini hukosa chakula. Mtu humkosea jirani, wawili hukosana, na mtu mwovu humkosesha mwenzake. Ndani ya mzizi mmoja kuna kupotoka, upungufu, ugomvi na kuangusha wengine. Umbo la "kumkosea" linadai jina la aliyeumizwa. Dhambi waweza kuitenda chumbani peke yako. Ukisema umemkosea mtu, lazima useme ni nani. Ningependa sana dodoso la dhamiri liulizwe hivyo: leo umemkosea nani?

Dhambi hizo tunazigawa kuwa kubwa na ndogo, au za mauti na nyepesi. Mgawanyo huu ndio unaobeba jibu la swali la dada, maana zile za mauti aliye katika neema hujaliwa kuziepa zote, na zile nyepesi humpata hata mtakatifu. "Ndogo" ni neno la hatari. Mtoto akiambiwa ndogo husikia haidhuru. "Nyepesi" inapima uzito, na kitu chepesi hubebeka hata vikawa mia. Kilatini kiliziita kwa neno linalotoka kwenye msamaha, lakini tukisema dhambi za kusameheka tutakuwa tumezifungia mlango zile nyingine, ambazo nazo husamehewa. Kanisa linafundisha kwamba dhambi kubwa huua mapendo moyoni, na ile nyingine huyaacha hai yakiwa na jeraha. Basi jina tunalo mkononi: dhambi ya mauti na "dhambi ya jeraha". Hakuna anayelidharau jeraha. Hata la mwiba linafungwa.

Ubatizo huondoa dhambi ya asili, lakini kuna kitu kinabaki. Tunakiita tamaa, neno linalobeba mengi mno: mfanyabiashara ana tamaa ya faida, kijana ana tamaa ya mali, na aliyekata tamaa tunamhurumia. Trento, mwaka 1546, ulikieleza kwa neno la Kilatini lenye maana ya kiwashio cha moto, ukasisitiza kwamba chenyewe si dhambi. Kiswahili kina "kinga", kile kijinga chenye moto kichwani, wingi wake vinga. Methali yetu inasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kimoja peke yake hufuka tu. Kinga cha tamaa kimelala ndani yangu, na hakiwi moto mpaka hiari yangu iweke cha pili. Wachoma mkaa wa porini huku wanajua vizuri: tanuri lililofukiwa udongo halijazimika, na ukiliachia tundu moja umepoteza mkaa wote.

Na tazama mchezo wa lugha. Neno la umbo hilohilo, katika ngeli nyingine, ni "kinga" ya kuzuia madhara, na kwenye kitenzi chake ndiko Kanisa lilikopata jina la Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, fundisho lililotangazwa mwaka 1854. Sikuweza kulala nilipoyaona maneno hayo mawili yamekaa jirani katika kamusi: kijinga na ngao. Kitenzi kukinga nacho kina sura mbili. Mwavuli hukinga mvua isikufikie. Ndoo chini ya paa hukinga mvua ikufikie. Katika nchi hii ya Msata, ambako dumu la maji lina thamani, maana ya pili ndiyo inayojulikana na kila mama. Maria alikingiwa kwa maana ya kwanza. Sisi tuliobatizwa tunaikinga neema kwa maana ya pili, na ndoo yenye ufa inavuja.

Kuna istilahi moja inayotugawa na ndugu zetu Waprotestanti, nayo ni "kuhesabiwa haki", ilivyo katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Kuhesabiwa ni jambo la daftari: jina linahamishwa kutoka safu hii kwenda ile. Wakatoliki tunasadiki zaidi ya hapo, kwamba Mungu humfanya mtu awe mwenye haki kwa ndani, na ndiyo sababu swali la kuishi bila dhambi lina maana kwetu. Mwenye haki naye siku hizi ni yule mwenye madai mahakamani. "Kufanywa mwadilifu" kunanitosha.

Ardhi hii ina neno la kusaidia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walinunua watoto utumwani, na kitenzi kilikuwa "kukomboa", kile kile cha rehani dukani na cha mzigo bandarini. Kwa watoto wale Mkombozi hakuwa fumbo la maneno; ukombozi ulikuwa na bei. Mwaka 1881 wakafungua misheni ya Mandera, isiyo mbali na hapa. Mtoto aliyekombolewa alitoka utumwani siku ile. "Uungwana", yaani mwenendo wa mtu huru, alijifunza kwa miaka. Nadhani hakuna maneno yanayoeleza vizuri zaidi tofauti ya siku ya ubatizo na maisha baada yake: uhuru ni wa siku moja, uungwana ni wa kila siku.

Nimebakiza kitenzi kimoja. Sala ya Kutubu, ambayo kila mtoto wa komunyo ya kwanza anaijua, inafikia mwisho kwa kuomba neema. Mtu angedhani itaomba neema ya kutokosa kamwe. Inaomba neema ya "kurudi".

Kurudi ni kushika njia ya nyumbani. Kumrudi mtoto ni kumwadibu. Nguo ikirudi imepungua, na hilo nalo lina mahali pake kwa mwenye kiburi. Na kuna "kujirudi", ambalo sijaona mwenzake katika lugha nyingine ninazozifahamu: mtu kujiona, kujikemea na kubadilika, bila fimbo ya mwingine. Wazee wakisema "yule amejirudi" hawaongezi neno. Aliye katika neema ningemwita hivyo, mwenye kujirudi, kabla ya kumwita asiyekosa.

Nilimweleza dada haya kandokando ya meza yake ya mananasi, basi la Tanga likipiga honi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: kurudi mara ngapi? Katekista, aliyekuwa akichagua nanasi, akaweka chini alilolishika, akatoa mfukoni kitabu cha sala kilichochakaa na kumwonyesha ile sala. Alipitisha kidole chini ya mstari mzima. Idadi haikuwamo.