Majibu Kutoka Ng'ambo

Siku hizi mwanafunzi wa kidato cha nne katika Tanzania hufanya mtihani wake mwezi wa Novemba, na mwezi wa Januari aweza kuyasoma majibu katika simu ya mkononi, hata akiwa shambani. Walakini usiku hapati usingizi. Nasi walimu twamwambia, "Subira yavuta heri," kisha twaendelea na kazi zetu. Yafaa tujue kwamba kungoja huku kuna historia yake. Wazee wetu walingoja zaidi, na yule waliyemngoja alikuwa mbali zaidi.

Mwanzo wa habari hii ni Uingereza. Mwezi wa Desemba 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kiliwatahini kwa mara ya kwanza wavulana wa shule za nje ya chuo. Walikuwa 370, katika miji minane. Watahini walisafiri kwa gari la moshi wakiwa na majoho yao, na maswali yamefungiwa ndani ya sanduku lenye kufuli. Tangu hapo mtoto alipimwa na mtu asiyemjua uso wala ukoo. Jambo hili lilikuwa na haki yake, kwa kuwa karatasi haisemi mwandishi ni mwana wa nani. Lakini pia liliweka umbali kati ya mpimaji na mpimwa.

Mwaka 1863 mtihani ule ulivuka bahari ukafika Trinidad, na baadaye ukaenea katika makoloni mengine, hata Afrika ya Mashariki. Vijana waliandika mwisho wa mwaka. Karatasi zikafungwa, zikapelekwa ng'ambo kusahihishwa, na majibu yakarudi mwaka uliofuata. Nayo hayakuja mikononi mwa kijana, bali kwa mkuu wa shule. Wakati wa vita kuu bahari yenyewe ilikuwa hatari, na ziko karatasi za watahiniwa zilizozama pamoja na meli.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya kijana katika miezi ile. Shule ameiacha, na kazi hajaipata. Baba aliyeuza ng'ombe ili alipe karo humtazama bila kuuliza, na kutouliza kule ni kuzito kuliko swali. Zaidi ya hayo, palikuwa na sheria moja kali: aliyeshindwa Kiingereza alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani wote. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Basi kijana hodari wa hesabu aliweza kuzuiwa mlangoni kwa lugha asiyoisikia nyumbani kwao, wala hakuwapo mtu wa kumtetea huko alikosahihishiwa. Wahenga walisema kweli: asiyekuwapo na lake halipo.

Wala umbali huo si wa bahari tu. Huko Marekani mtihani uitwao SAT ulianza mwaka 1926. Hapakuwa na bahari kati ya vijana wale na watahini wao. Lakini kabla ya mwaka 1958 alama zilikuwa zikipelekwa kwa shule na vyuo, bila mwanafunzi mwenyewe kuonyeshwa. Alihukumiwa kwa hesabu asiyoiona. Kumbe mtu aweza kuwa mbali na majibu yake hata akikaa karibu na mlango wa mpimaji.

Baada ya uhuru nchi zetu zilitaka kupima watoto wao zenyewe. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, ikatunga sheria ya baraza lake mwaka 1973. Kenya ikapata lake mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Watahini sasa ni walimu wa hapa hapa, wanaozijua shule zetu na lugha zetu. Ile safari ya baharini imekwisha.

Hata hivyo umbali mmoja umebaki, nao ni juu yetu walimu kuupunguza. Mtoto akiambiwa tu kwamba amefaulu au ameshindwa, bila kuelezwa kosa lake lilikuwa wapi, yu sawa na yule aliyengoja meli. Tena tumfundishe mapema kwamba mtihani ni kipimo kilichowekwa na watu, mwaka fulani, kwa sababu fulani, na kwamba watu hao wamekibadili mara nyingi. Kipimo hicho chapima yaliyoandikwa siku ile; hakipimi maisha yote. Akilijua hilo, atangoja kama mtu anayengoja habari, si kama mfungwa anayengoja hukumu.