Adabu ya Kazi ya Pamoja katika Ugogo

Zamani katika nyika kame za Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, ambako mvua ya mwaka aghalabu haizidi milimita 600 na palizi ya uwele haingoji mtu, mwenye shamba aliyeelemewa na magugu alipika pombe ya nafaka, akaalika majirani, nao wakaja na majembe yao pasipo ijara ya fedha, wakalima safu kwa safu, kisha wakaketi kunywa kwenye kaya yake.

Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyetoa kitabu chake juu ya Wagogo mwaka 1969, alionyesha kuwa kaya zilihamahama mno, hata jirani hakuwa lazima ndugu wa nasaba. Kwa hiyo heshima baina ya walimao pamoja haikurithiwa, bali ilijengwa kwa ukarimu, na kwa utani pia, ambao ulimruhusu mtani kumkemea mwenziwe hadharani pasipo kuzua uhasama. Hekima hiyo naitukuza.

Ilipokuja Operesheni Dodoma, kuanzia mwaka 1970, watu walikusanywa katika vijiji vya ujamaa, wakatakiwa walime pamoja. Lakini mwito sasa ulitoka serikalini, wala si kwa jirani aliyepika pombe.