Usidanganywe na Bodi

Morris Minor yangu niliuziwa kuwa ni ya cc 948, na kadi ya gari ikasema hivyo hivyo. Nikanunua pistoni. Fundi kuzitia, zinapwaya! Mzee wa watu akacheka, kisha akanisomesha historia ya Uingereza pale pale kwenye boneti.

Gari hili, kazi ya Alec Issigonis, lilitoka mwaka 1948 na injini ya cc 918, ya mtindo wa kabla ya vita, valvu zikiwa ubavuni. Juu hukuti kifuniko cha tapeti. Mwaka 1952 Morris na Austin, mahasimu wa miaka mingi, waliunganishwa kuwa BMC. Ndipo Minor ikavikwa injini ya Austin ya cc 803, valvu juu, chini ya kifuniko hicho. Kwenye mlima, maskini, ilihema! Mwaka 1956 ikaja cc 948, na 1962 cc 1098.

Hizi tatu kwa macho ni ndugu wa tumbo moja. Soma kibati cha namba ubavuni mwa injini, juu ya dainamo: 9M ni cc 948, 10MA ni 1098. Changu kilianza na 10MA.

Pistoni bado ninazo, kama yupo anayezihitaji.