Akiba ya Mwanafunzi wa Troy

Mwezi wa Juni mwaka 2024, ilipotimia robo karne tangu kijana Shawn Fanning, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, awafungulie walimwengu programu yake ya Napster, makampuni makubwa ya muziki ya Marekani yalirejea mahakamani kwa kishindo, safari hii kuwashitaki Suno na Udio, ambao mitambo yao hutunga nyimbo kwa akili mnemba baada ya kulishwa, kwa madai ya makampuni hayo, kazi za watu bila ya idhini. Daawa moja ilifunguliwa Boston na ya pili New York, na msomaji aliyefika penye kifungu cha fidia, ikiwa umri wake wamruhusu kukumbuka, hakukosa kusita: hadi dola 150,000 kwa kila wimbo. Kiasi hicho ndicho kilichotajwa tarehe 3 Aprili 2003, ila wadaiwa wa siku ile hawakuwa makampuni yenye mamilioni ya fedha za wawekezaji nyuma yao, bali wanafunzi wanne waishio katika vyumba vya mabweni.

Khabari za mmoja wao zimehifadhiwa katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 mwalimu wa sheria Lawrence Lessig, kiitwacho Free Culture, nami nimeegemea juu ya kitabu hicho kwa sehemu kubwa ya haya yafuatayo. Lessig hakuwa shahidi asiye na upande, kwani alikuwa akiipigania hoja yake kwamba sheria ya haki miliki imevuka mipaka. Lakini katika jambo hili la wanafunzi wanne, kila nikiusoma ushahidi wake naona mizani imemlalia yeye.

Hapana budi kwanza kueleza jinsi mabweni yale yalivyokuwa. Tangu miaka ya 1980 vyuo kama Carnegie Mellon na Dartmouth vilikuwa vimekwisha kupitisha nyaya za kompyuta hadi vyumbani mwa wanafunzi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 desturi hiyo ilikuwa imeenea Marekani nzima, hata waliojenga mitandao hiyo wakawa na usemi wao kwamba kila mto wa kulalia uwe na tundu lake la waya. Wimbo wa dakika nne, ukishabanwa katika muundo wa MP3 uliobuniwa na Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer, ulikuwa na uzito wa megabaiti nne hivi; mtu wa mjini aliyetegemea modemu na waya wa simu alihitaji dakika kumi au zaidi kuupata, akiomba simu isikatike katikati, ilhali mwanafunzi bwenini aliupata kabla hajamaliza kuvua viatu. Vijana waliokulia nyumbani na modemu, walipofika chuoni na kuchomeka waya ule, waliona wamefunguliwa dunia nyingine.

Na si nyimbo pekee. Maisha ya mabweni hayo yalikuwa na adabu zake na mashujaa wake: kulikuwa na yule aliyejua kulifungua kasha la kompyuta na kuongeza diski, na yule ambaye chumba chake kilijaa watu mpaka alfajiri wakishindana katika michezo ya Quake na Counter-Strike, kila mmoja kwenye kioo chake, wakitukanana kwa mapenzi kupitia ukuta. Windows yenyewe ilikuwa na mlango ulioitwa Network Neighborhood, ambao mtu akiufungua aliziona kompyuta za jirani zake zimepangwa kwa majina waliyozipa wenyewe, aghalabu majina ya miungu, ya sayari au ya upuuzi mtupu; na katika kila kompyuta, folda ambazo mwenyewe aliziacha wazi ili jirani achukue apendacho. Aliyekuwa na folda nono alijulikana jengo zima, na hakuna aliyemwuliza alikozipata.

Mambo ya Napster yamekwisha kuandikwa mara nyingi, basi yatosha kuyapitia kwa haraka. Programu ilitoka Juni 1999. Ilipofika Disemba makampuni yakaishitaki. Februari 2000 Chuo Kikuu cha Indiana kikaizuia baada ya kuona imekula zaidi ya nusu ya njia yake ya intaneti. Aprili mwaka ule ule bendi ya Metallica ikaishitaki Napster pamoja na vyuo vya Yale, Indiana na Southern California, jambo lililowatia hofu wakuu wa vyuo wengi wasiowahi kuisikia bendi hiyo. Na Julai 2001 mitambo ikazimwa.

Lakini kuzimwa kwa Napster hakukuzima mabweni. Wanafunzi walitambua jambo ambalo mawakili walichelewa kulitambua, nalo ni kwamba katika chuo chenye watu elfu kadhaa hapana haja ya kutoka nje ya ua kutafuta kitu: kila kitakiwacho kimo katika chumba fulani ghorofa ya pili, tatizo ni kujua chumba kipi. Hapo ndipo zilipozuka programu za kutafutia, mojawapo ikiitwa Phynd, ambazo zilizunguka usiku katika kompyuta zote za chuo, zikasoma majina ya mafaili katika kila folda iliyoachwa wazi, zikayaandika daftarini. Na asubuhi mwanafunzi akiandika neno moja tu, anaonyeshwa limo wapi. Programu hizo hazikuweka faili lolote ndani yake. Ziliandika majina na mahali, basi.

Rensselaer Polytechnic Institute, chuo cha ufundi na sayansi kilichoasisiwa mwaka 1824 katika mji wa Troy, jimbo la New York, kilipokea katika msimu wa kupukutika majani wa 2002 mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyechukua somo la teknolojia ya habari. Kijana huyu, kwa maelezo ya Lessig, hata hakuwa mwandishi hodari wa programu. Alikuwa mtu wa kuchokoachokoa, na mwezi wa Oktoba akaichukua programu ya kutafutia iliyokwisha kuandikwa na wengine, akaanza kuirekebisha. Rekebisho lake kubwa lilikuwa dogo kwa kulitazama: mfumo wa Microsoft ulikuwa na kasoro kwamba ukiliendea faili ambalo kompyuta ya mwenyewe imekwisha kuzimwa, kompyuta yako inaweza kugoma, naye akatia kitufe cha kuuliza kwanza kama jirani yupo. Ni kazi ya fundi anayekaza skrubu iliyolegea. Kufikia Machi 2003 daftari lake lilikuwa na mafaili zaidi ya milioni moja: picha, maandishi ya masomo, vipeperushi vya chuo, filamu fupi ambazo wanafunzi walizitengeneza wenyewe, na kiasi cha robo yake, nyimbo.

Robo ile ndiyo iliyomponza. Siku ya tarehe 3 Aprili mlezi wa wanafunzi alimwita, akamwambia kwamba chama cha makampuni ya kurekodi muziki, RIAA, kinamshitaki yeye na wengine watatu, mmoja wa chuo chake mwenyewe, mmoja wa Princeton na mmoja wa Michigan Tech. Na saa chache baadaye hati za mahakama zikamfikia mkononi. Chama kilidai kwamba wanafunzi hao wameendesha vijinapster vya ndani, na kwamba wao wenyewe pia waliziweka nyimbo ili wengine wazichukue. Katika daawa ya kijana wa Troy zilitajwa nyimbo zaidi ya 100, ambazo kwa kima cha juu cha sheria zafika dola milioni 15 kwa uchache. Ya Michigan Tech ilikuwa ya ajabu zaidi, kwani ndani yake yalitajwa mafaili yapitayo 650,000. Msomaji mwenye kalamu azidishe mwenyewe kwa 150,000. Wanne hao kwa jumla walikabiliwa na madai yaliyokaribia dola bilioni 100, ambayo Lessig anakumbusha kuwa ni mara sita ya faida yote ya tasnia ya filamu ya Marekani kwa mwaka 2001.

Huko Michigan Tech, chuo kilichoko Houghton, kaskazini penye theluji nyingi karibu na Ziwa Superior, mkuu wa chuo Curtis Tompkins hakulipokea jambo hili kwa unyonge. Alimwandikia rais wa RIAA, Cary Sherman, waraka wa malalamiko ambao, kwa jinsi wakuu wa vyuo walivyo waangalifu wa maneno, ulikuwa mkali. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyevunjiwa mwafaka: chuo chake kilikuwa kikishirikiana na chama, kila kilipoletewa taarifa ya mwanafunzi mkosaji kilichukua hatua, na kilikuwa kikiwaelimisha wanafunzi wake juu ya haki miliki, sasa iweje chama kinyamaze, kiliache daftari la kijana mmoja likue hata lifikie ukubwa ule, kisha kije moja kwa moja na daawa ya mabilioni bila ya kumpigia hodi mwenye nyumba? Kama tungaliarifiwa mapema, alisema kwa maana hiyo, tungalimkatia waya siku ile ile, na tatizo lisingalifika hapa lilipofika.

Chama kilishikilia kwamba kina haki ya kumshitaki yeyote aliyevunja sheria, na kwa hilo kilisema kweli. Hata hivyo suala la Tompkins halikuwa la sheria bali la insafu, na hapo ndipo ninapoona kwamba chama kilikosa jibu, kwa sababu anayetaka kuzuia madhara huyazuia yakiwa madogo, na anayengoja yawe makubwa ana jambo jingine alitakalo. Lililotakiwa lilikuwa mfano wa kuwatisha wengine, nao ulifaulu upesi: chama chenyewe kilitangaza kwamba tangu kufunguliwa kwa daawa zile, madaftari kama hayo yapatayo 18 katika vyuo mbalimbali yalikuwa yameondolewa na wenyewe.

Turudi Troy. Jamaa za kijana walikutana na mawakili wa chama, na jambo la kwanza mawakili hao walilotaka kujua lilikuwa kijana ana fedha kiasi gani. Alikuwa na dola 12,000, akiba ya vibarua vya likizo na kazi nyinginezo. Basi zikatakiwa hizo hizo 12,000. Walitaka vilevile akiri kwamba ametenda kosa, naye akakataa. Walitaka akubali amri ya mahakama ambayo ingemfungia milango mingi ya kazi za teknolojia maisha yake yote, akakataa pia. Na wakili mmoja, kwa kadiri alivyosimuliwa Lessig, akamwonya kwamba hatapenda kurudi tena kwa daktari wa meno kama yeye. Familia ilipiga hesabu. Kuitetea daawa ile mahakamani, hata kama wangeshinda, kungewagharimu si chini ya dola 250,000, na ushindi wenyewe usingewarudishia hata senti ya gharama hizo. Wakalipa.

Sulhu ya wote wanne ilitangazwa tarehe 1 Mei 2003: kijana huyo dola 12,000, wa Princeton na wa Michigan Tech 15,000 kila mmoja, na mwenzake wa Troy 17,500. Hakuna hakimu aliyetoa hukumu kama kuandika daftari la majina ya mafaili ni kosa au si kosa, na kwa hiyo suala hilo, lililokuwa ndilo zito kuliko yote, lilizikwa bila ya kuchunguzwa. Simkatalii mwanamuziki jasho lake, na nyimbo zile zilichukuliwa bila malipo, hilo halina ubishi. Lakini hukumu inayopimwa kwa kilichomo katika kitabu cha benki cha mdaiwa ni biashara iliyovaa joho. Kijana aliomba msaada wa umma, na watu wasiomjua wakamchangia hata fedha zake zikarudi mnamo mwezi wa Julai. Siku tatu kabla ya sulhu ile, tarehe 28 Aprili, kampuni ya Apple ilikuwa imefungua duka lake la nyimbo, wimbo mmoja kwa senti 99. Makampuni yaliyotumia miaka minne kufukuzana na wanafunzi yakaonyeshwa na muuza kompyuta jinsi ya kuwauzia.

Yaliyofuata yalikuwa marudio. Septemba 2003 zikafunguliwa daawa 261 dhidi ya watu wa kawaida, akiwamo msichana wa miaka 12 wa New York. Mwaka 2004 mwanafunzi wa Massachusetts akaanzisha i2hub, iliyopita katika mtandao wa kasi wa Internet2 uliojengwa kwa utafiti wa vyuo, ikafungwa Novemba 2005. Mwaka 2008 bunge la Marekani likavitaka vyuo vyote vipokeavyo fedha za serikali viwe na mpango wa kuzuia mafaili yasiyo na idhini. Siku hizi mwanafunzi bwenini husikiliza kwa kulipa kila mwezi, hana faili wala folda, na jina la kompyuta ya jirani yake halijui.

Kwetu Afrika ya Mashariki mchezo huo ulichezwa kwa miguu. Aliyesoma Mlimani, Nairobi au Makerere katika miaka hiyo atakumbuka kwamba waya wa chuo ulikuwa mwembamba na ukitegemea setilaiti, hivi kwamba mtandao wa kweli wa mabwenini ulikuwa flashi iliyoning'inizwa shingoni, ikitembea chumba hata chumba na kubeba nyimbo, filamu na virusi kwa pamoja. RIAA ilitangaza kuacha kuwashitaki watu mmoja mmoja mwezi wa Disemba 2008. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu Julai 2009, miezi saba baadaye.