Fao la uzazi na kuharibika kwa mimba nchini Tanzania

Fao la uzazi ni malipo ya fedha ambayo mfuko wa hifadhi ya jamii humpa mwanachama wake wa kike anapojifungua. Makala hii inahusu mwanachama ambaye mimba yake imeharibika na dai lake limekataliwa, hasa katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga.

Wanaohusika

Tanzania Bara ina mifuko miwili mikuu. NSSF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, unahudumia zaidi wafanyakazi wa sekta binafsi. PSSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, ni wa watumishi wa umma. Hivyo mfanyakazi wa shamba la mkonge au chai wilayani Korogwe ni wa NSSF, na mwalimu wa shule ya serikali huko Handeni ni wa PSSSF. Mkulima wa mahindi ambaye hajajiunga na mfuko wowote hana fao la uzazi la kudai, wala hakuna uamuzi wa kukatia rufaa. Kaya maskini zilizo katika mpango wa TASAF hupata ruzuku, lakini hiyo si fao la uzazi na malalamiko yake hupitia njia nyingine.

Masharti ya NSSF

Mwanachama anatakiwa awe amechangia angalau miezi 36, na kati ya hiyo miezi 12 iwe ndani ya miezi 36 iliyotangulia kujifungua. Fao hulipwa kwa wiki 12, yaani siku 84: wiki 4 kabla ya kujifungua na wiki 8 baadaye. Kiwango chake ni asilimia 100 ya wastani wa mshahara wa siku, unaopigwa kwa miezi sita kabla ya wiki ya 20 ya ujauzito.

Hesabu hiyo ndiyo chanzo cha ubishi. Fao limejengwa juu ya wiki ya 20 na juu ya tukio la kujifungua. Mimba iliyotoka katika wiki ya 10 haifiki hata mahali ambapo hesabu inaanzia. Mama aliyejifungua mtoto mfu miezi ya mwisho ana hoja yenye nguvu zaidi, kwa sababu amejifungua. Kwa takwimu za kimataifa, Shirika la Afya Duniani huhesabu mtoto mfu kuanzia wiki ya 28, na kabla ya hapo tukio huandikwa kuwa mimba kuharibika. Kwa hiyo neno moja ambalo mganga au muuguzi ameliandika kwenye cheti, pamoja na idadi ya wiki, laweza kuamua dai zima.

Vielelezo

Mimba nyingi huharibika mapema, kabla mama hajaanza kliniki. Kati ya 2014 na 2016, watafiti wa NIMR na Chuo Kikuu cha Copenhagen walifuatilia wanawake wa vijiji vya Korogwe na Handeni tangu kabla ya kushika mimba. Bila ufuatiliaji wa namna hiyo mimba changa hupotea pasipo karatasi yoyote. Asiye na kadi ya kliniki wala maelezo ya hospitali hana cha kuonyesha, hata kama kila jirani anajua yaliyompata.

Vielelezo vinavyosaidia ni kadi ya kliniki, majibu ya kipimo cha mimba au picha ya altrasaundi, na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini yenye tarehe na umri wa mimba. Aliyetibiwa Magunga, Korogwe, au katika Hospitali ya Wilaya ya Handeni anaweza kuomba maelezo hayo kwa maandishi hata baada ya kurudi nyumbani.

Kupinga uamuzi

Hatua ya kwanza ni kuomba sababu za kukataliwa kwa maandishi. Sababu hazifanani, na rufaa inayojibu sababu isiyokuwepo hupoteza muda. Kama tatizo ni michango pungufu, mwanachama huchukua taarifa ya michango yake na kuilinganisha na hati za mshahara. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuwasilisha michango, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara. Hati inayoonyesha makato ambayo hayakufika NSSF ni kielelezo kikubwa. Kama tatizo ni umri wa mimba, kinachohitajika ni maelezo ya daktari.

Barua ya kupinga hupelekwa kwa meneja wa ofisi iliyotoa uamuzi, kisha makao makuu ya mfuko. Usimamizi wa mifuko, uliokuwa chini ya SSRA kabla haijavunjwa, ulihamia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mlalamikaji anaweza pia kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mahakama Kuu inaweza kupitia uamuzi wa chombo cha umma, lakini ombi la kibali hupelekwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa.

Likizo ya ugonjwa

Wengi huchanganya fao na likizo. Fao hutoka kwenye mfuko. Likizo yenye malipo hutoka kwa mwajiri, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa waliozaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na siku 84 nyingine mtoto akifa ndani ya mwaka mmoja. Kuhusu mimba iliyoharibika iko kimya. Inatoa hata hivyo siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Kwa aliyepoteza mimba changa, njia hii mara nyingi ni nyepesi kuliko kudai fao.

Mwajiri akikataa, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Akimfukuza kazi, ndani ya siku 30. Kufukuzwa kwa sababu ya ujauzito si halali. CMA haisikilizi madai dhidi ya NSSF, kwa kuwa mfuko si mwajiri wake.

Nchi nyingine

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataja kuharibika kwa mimba waziwazi: katika siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, angalau wiki nne zifuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. India inatoa wiki sita zenye malipo tangu sheria ya mwaka 1961, na Ufilipino siku 60 tangu 2019. Afrika Kusini inatoa wiki sita za likizo, lakini kwa mimba iliyoharibika katika miezi mitatu ya mwisho au kwa mtoto mfu.