Hitilafu za Vifurushi katika Debian

Debian ni mfumo endeshi huru unaojengwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, na programu zake huwafikia watumiaji zikiwa ndani ya vifurushi. Toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Nyingi ya programu hizo hazikuandikwa na Debian yenyewe. Mtunzi wa asili huandika programu. Mtunza kifurushi huichukua, huipanga ifuate sheria za Debian na kuibandika viraka inapobidi. Mtumiaji huisakinisha na, siku ikimgomea, hulalamika. Kazi ya kwanza ni kujua hitilafu ni ya nani kati ya hao wawili wa mwanzo, nayo si kazi nyepesi.

Mradi ulitangazwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Mwaka uliofuata Ian Jackson, Mwingereza ambaye mkono wake umo pia katika dpkg, chombo kinachosakinisha vifurushi, aliandika mfumo wa kufuatilia hitilafu unaoendeshwa kwa baruapepe. Mfumo huo ungali kazini. Anayetaka kuripoti hafungui akaunti wala hatafuti nywila. Hutuma barua ambayo mistari yake ya kwanza hutaja kifurushi na toleo lake, kisha hupewa namba. Namba hizo zilivuka milioni moja mwaka 2021. Mkataba wa Kijamii wa Debian, uliopitishwa mwaka 1997, unaahidi kwamba mradi hautaficha matatizo, kwa hiyo kila barua husomeka na yeyote, hata ile iliyoandikwa kwa hasira. Dosari za usalama ambazo hazijatangazwa ndizo pekee zinazoshughulikiwa faraghani kwanza.

Programu ya reportbug humpunguzia mtumiaji kazi. Humwonyesha ripoti zilizokwisha kuletwa ili asirudie, kisha huambatisha namba ya toleo na orodha ya vifurushi ambavyo kifurushi hicho kinavitegemea. Mengine ni juu yake mwenyewe: hatua alizofuata, alichotarajia, kilichotokea, na ujumbe wa kosa neno kwa neno. Anayeandika tu kwamba programu haifanyi kazi ataulizwa hayo yote baadaye, na ripoti yake itawekewa alama ya kusubiri maelezo zaidi. Nyingi huishia hapo.

Uzito wa hitilafu una ngazi saba. Ya chini kabisa ni ya maombi, na hata tafsiri za maswali yanayoulizwa wakati wa kusakinisha hupitia humo. Tatu za juu ndizo zinazowakosesha watu usingizi: zinahusu hitilafu inayovunja programu nyingine zisizohusika, inayopoteza data, inayofanya kifurushi kisitumike kabisa, au inayokiuka vibaya sera ya Debian. Kifurushi chenye hitilafu ya aina hiyo hakitakiwi kuingia katika toleo imara, na kisiposhughulikiwa huweza kuondolewa. Toleo jipya likikaribia, wanachama hukutana wikendi nzima kuziwinda. Mwanachama anaweza kurekebisha hata kifurushi cha mwenzake, mradi afuate adabu: kiraka huwekwa hadharani, na kifurushi hukaa foleni siku kadhaa ili mwenyewe apate nafasi ya kukataa.

Hitilafu ikisharekebishwa, mtunza kifurushi huandika namba ya ripoti katika orodha ya mabadiliko. Kifurushi kikipokelewa, mfumo wenyewe huifunga ripoti na kumwarifu aliyeileta. Kifurushi huanzia katika tawi lisilo imara, liitwalo sid. Hilo ni jina la mtoto mharibifu wa midoli katika filamu ya Toy Story. Matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu hizo kwa sababu Bruce Perens, aliyeuongoza mradi miaka ya mwanzo, alikuwa mfanyakazi wa Pixar. Siku chache zikipita bila hitilafu nzito mpya, kifurushi huhamia tawi la majaribio, ambalo baadaye hugeuka kuwa toleo imara.

Toleo imara lina sheria kali zaidi. Humo, kwa kawaida, toleo jipya la programu haliingii. Kiraka peke yake hutolewa katika toleo jipya na kupandikizwa katika la zamani. Msimamizi wa seva anaweza kuona namba ya zamani akadhani yuko hatarini, kumbe kiraka kimo, kikitambulishwa na herufi kama deb12u1 mwishoni mwa namba.

Utaratibu huu una gharama, na mara nyingi mlipaji ni mtunzi wa asili. Jamie Zawinski, mtunzi wa XScreenSaver, alichoka kupokea malalamiko juu ya hitilafu alizokwisha kuzirekebisha zamani, akaweka ndani ya programu onyo la kumwambia mtumiaji kwamba toleo lake limezeeka mno. Mwaka 2016 onyo hilo likawatokea watumiaji wa Debian, nalo likaripotiwa kuwa hitilafu. Zawinski akataka Debian iache kabisa kuisambaza programu yake. Haikuacha, kwa kuwa leseni aliyoichagua mwenyewe inaruhusu kusambaza. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akizijibu barua za watu wasiowafahamu watunza vifurushi wa Debian.

Kisa kizito zaidi ni cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotegemewa na seva nyingi duniani. Mwaka 2006 ililetwa ripoti kwamba chombo cha Valgrind, kinachochunguza jinsi programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta, kinatoa maonyo mengi programu zinapoitumia maktaba hiyo. Mtunza kifurushi aliitafuta mistari inayosababisha maonyo, akawauliza watengenezaji wa OpenSSL kuhusu kuiondoa, na jibu alilopata halikumzuia. Mistari miwili ikazimwa, na ripoti ikafungwa. Lakini mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza karibu nasibu yote ambayo funguo za siri hutengenezwa kwayo. Kilichobaki kubadilika ni namba ya mchakato, isiyozidi 32,768. Mshambuliaji angeweza kutengeneza funguo zote zinazowezekana kwa aina na ukubwa fulani, kisha akazijaribu moja baada ya nyingine.

Takriban miezi ishirini ilipita kabla ya Luciano Bello, mwanachama wa Debian, kuligundua jambo hilo. Lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008. Kiraka chenyewe kilikuwa kifupi. Kazi ilikuwa funguo, ambazo haziponi kwa kusasisha programu. Kila ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, au cheti kilichotengenezwa kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao katika kipindi hicho ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya, hata kama ulikwisha kunakiliwa kwenye seva isiyotumia Debian. Debian ikalazimika kusambaza pia orodha za funguo dhaifu ili seva zizikatae.

Valgrind ilirudi katika habari mwaka 2024, safari hii ikiwa upande wa waokoaji. Andres Freund, mtengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL na mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya sid kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula nguvu ya kompyuta kupita kiasi. Akakumbuka maonyo ya Valgrind yaliyomtatiza wiki chache nyuma. Hakuyanyamazisha, aliyafuata hadi akafika kwenye xz, programu ya kubana mafaili, na tarehe 29 Machi akatangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa siri. Uliwekwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujenga uaminifu hadi akakabidhiwa usimamizi wa mradi. Siku chache kabla ya hapo, ripoti ya kawaida kabisa ilikuwa imeletwa Debian ikihimiza toleo la 5.6.1 lipakiwe. Mfumo ulio wazi kwa kila mtu uko wazi pia kwa mwenye nia mbaya.

Debian ilirudi kwenye toleo la 5.4.5. Kwa kuwa namba za vifurushi hazirudi nyuma, kifurushi hicho kiliandikwa 5.6.1+really5.4.5-1, ili kompyuta zilizokwisha kupokea kile kibovu zione kwamba zinasasishwa. Waliokuwa kwenye toleo imara hawakuguswa. Humo xz ilikuwa bado ya zamani.